Linet na Kadi ya Bima

Linet Adoyo aliliandikia gazeti letu kutoka Migori kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuajiriwa. Alilipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Mimi nilitumwa kutoka Nairobi nikiwa na mshahara, gari na kadi ya bima, lakini bila yeye nisingepata hata jina la chifu. Alikuwa akimpigia mwenyeji wa mahali simu moja tu, "Maroa, kuna mgeni wangu, mchunge," na milango inafunguka.

Siku ile tulikuwa tunatoka Ogwedhi, ambako wazee wa jamii mbili jirani walikuwa wamerudishiana ng'ombe walioibwa. Linet alinitafsiria Kidholuo kutwa nzima. Alipoona nimekosea jina la mzee mmoja, alicheka.

"Benard, ukiliandika hivyo mimi nitahama Migori."

Mvua ilikuwa imenyesha. Gari likateleza, likapinduka mtaroni. Mimi nilipasuka kwenye paji la uso. Yeye akavunjika mkono wa kulia.

Hospitalini, karani alichukua kadi yangu, nikaitwa kushonwa. Akamgeukia Linet.

"Na yako, dada?"

"Sina."

"Si mnafanya kazi pamoja?"

"Gari tu ndilo tulilopanda pamoja," Linet akamjibu.

Nilimpigia mhariri, gazeti limlipie Linet matibabu. Alisema pole, ila utaratibu hauruhusu. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama Linet. Alikaa kwenye benchi akiushikilia mkono wake, mpaka rafiki yake Roseline, mtangazaji wa redio ndogo ya Homa Bay, alipowachangisha wanahabari wenzao kwa simu. Wengi wao, kama Linet, walikuwa hawajaajiriwa.

Kesho yake nilimkuta nyumbani, mkono umefungwa plasta.

"Toa kompyuta," akaniamuru. "Mimi nitasema, wewe uandike. Habari haingojei mfupa uunge."

Niliandika neno kwa neno, nikaweka jina lake peke yake, nikamwambia mhariri akiliondoa asitarajie habari nyingine kutoka kwangu. Ilichapishwa hivyo hivyo, ukurasa wa tatu.

Miezi mitano baadaye, gazeti liliwaachisha kazi waandishi wote wa mashinani kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp. Roseline akamwingiza Linet kwenye redio yao, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kila unapokaribia kuisha, hapati usingizi. Lakini asubuhi akisoma habari kwa Kidholuo, akina mama wa soko la Rodi Kopany hunyamazishana ili wamsikie. Nami huku Nairobi humsikiliza mtandaoni kwa simu, nikielewa nusu tu.