Mkojo Katika Chupa ya Asali

Miaka ya sabini, nilipoanza kusikia moto kila nikienda haja ndogo, nilimtazama mume wangu kwa jicho baya. Alikuwa mfanyabiashara wa asali. Alinunua Kibondo, hadi Mabamba mpakani, akauza dukani kwetu Kasulu. Safari zake zilizidi kurefuka, na kila akiondoka ananyoa ndevu. Nani hunyoa ndevu kwa ajili ya nyuki?

Naye alinishuku mimi, niliyebaki dukani na wateja. Mama yake, tuliyeishi naye, alisema waziwazi kwamba kisonono hakiletwi na upepo, na mke wa namna hiyo hurudishwa kwao. Kwetu ni Nyakitonto. Wanangu walikuwa wadogo, na wangebaki kwa baba yao. Niliogopa sana.

Zahanati walituchoma sindano sote wawili. Mume wangu alitoka akichechemea, naye hakuwa na ugonjwa wowote. Mimi nilipata nafuu, kisha moto ukarudi. Mama mkwe akasema, "Amerudia tena."

Safari hii mganga wa zahanati, mgeni kutoka Tanga, aliagiza mkojo. Nyumbani kila chupa ilikuwa ya asali, nikasuuza moja nikaenda nayo. Aliuchemsha mkojo na dawa yake ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. "Sukari!" akasema. Kisha akanusa chupa, akacheka. "Mama, umeniletea asali." Akaniandikia sindano zilezile.

Sikuondoka. Tangu lini asali ya chupani ikanikausha koo na kunipeleka chooni kutwa kucha? Nikamwambia anipe chombo chake mwenyewe. Alinuna, lakini alinipa. Ukageuka rangi ileile.

Hapo akaacha kucheka. Alimwita mume wangu, akatueleza sote wawili kwamba nina kisukari, na mwenye kisukari hushambuliwa upesi na vijidudu kwenye njia ya mkojo, hata kama hajatoka nje ya ndoa. Akasema pia kwamba kisukari chenyewe hakiponi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitamani kumkumbatia mganga yule.

Nyumbani, mume wangu alimweleza mama yake yote, polepole, kwa Kiha, ili asikose neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Na hicho kisukari, kakuambukiza nani?"