Siku Profesa Alipokuja Kumwomba Kahindo

Mwanangu unayenisikiliza, naikumbuka siku ile kwa watu waliokuwepo sebuleni: mimi Masika, mzaliwa wa kwanza, mdogo wangu Kahindo, kichwa chini, mwalimu wake wa chuo kikuu, Profesa Béatrice, na jirani yetu Papa Anselme, katika kiti cha marehemu baba. Mimi ndiye niliyemwita mzee huyo. Kwetu, ombi la kumchukua mtoto halisikilizwi bila mzee.

Profesa alitafuta msaidizi wa kwenda naye Dakar, kwenye mafunzo ya kutumia kompyuta kwa hesabu za sayansi: za mvua, za ziwa, za moto wa mlima kama huu wetu. Walimu wangesema Kiingereza, na wanafunzi wengi walijua Kifaransa tu. Alihitaji mtu wa kusimama katikati.

“Wenye kujua Kiingereza niliwapata,” akasema. “Lakini wanageuza maneno tu, mwanafunzi anabakia mu giza. Kahindo anafasiria mupaka mutu anasikia. Nani alimufundisha ile?”

Kahindo akaninyooshea kidole. “Ni yaya, huyu dada yangu mukubwa.”

Ni kweli, mwanangu. Wazazi walipofariki niliacha shule nikauza maharagi katika soko la Birere. Kila jioni tuliketi kuyachambua, tukitoa mawe, naye alinirudishia kwa Kiswahili yote aliyosoma kwa Kifaransa. Nisipoelewa nilimwambia, “Anza upya.” Nilikuwa mwanafunzi mgumu.

“Akifanya muzuri,” Profesa akaongeza, “wanaweza kumubakisha kule kwa masomo.”

Wote wakanitazama. Nikasema, “Na maharagi, nani atachambua?”

Papa Anselme akacheka. “Ee Masika! Unalilia maharagi ao unalilia mutoto? Kama ni maharagi, miye na haya macho yangu ya kizee nitakusaidia. Wateja watakula mawe, lakini watakula.”

Wakacheka. Mimi nikalia.

“Nitabaki peke yangu,” nikasema.

“Sasa umesema,” Papa Anselme akajibu polepole. “Ile neno aibebe, aijue. Lakini kumufungia mulango, apana.”

Akasimama, akaweka mkono juu ya kichwa cha Kahindo, akampa neno la safari ambalo baba angempa. Nilipompelekea kuku wa shukrani, alimrudisha. “Hii hailipwe na kuku. Siku moja utasimama kwa mutoto mwenye hana baba. Ndiyo utanilipa.”

Kahindo alikwenda, na kweli wakambakisha. Jumapili hupiga simu. Siku nyingine nachambua maharagi, na mara najikuta nimesema kwa sauti, “Anza upya, sijaelewa,” na nyumba hainijibu. Papa Anselme naye tumeshamzika.

Aisifuye mvua imemnyea, mwanangu. Mpendwa wako akiitwa mbali, usijifiche nyuma ya maharagi. Mwambie wazi kwamba utaumia, kisha mfungulie mlango. Na wewe unayeondoka, usikimbie kabla hujalisikia neno hilo. Litakuuma, lakini litakuonyesha njia ya kurudi. Mkono mmoja haulei mwana, na siku ya kuachana mkono mmoja hautoshi pia.

Mungu akutangulie, akupe huko uendako mtu wa kukuambia “anza upya” bila kukucheka. Na kama huna baba wa kukupa neno la safari, pita Birere, uulize Masika wa maharagi. Nitaacha mizani yangu, nitasimama. Deni la Papa Anselme ningali nalo.