Folda ya BABA

Mimi sina subira na watu wanaoshika simu kama yai, na mzee Margwe wa kule kijijini Daudi ni mmoja wao. Analima vitunguu saumu, ana ng'ombe saba, na simu yake huja nayo hapa Mbulu mjini imefungwa kwenye kitambaa. Hafuti kitu. Hata meseji za matangazo za mwaka juzi anazo, eti huwezi kujua.

Baba yake, marehemu Akonaay, ndiye aliyekuwa msemaji wa slufay ya ukoo, yale maombi marefu ya baraka ambayo sisi tunaoishi na Wairaqw huyasikia kwenye shughuli zao. Mwezi mmoja kabla hajafa, Margwe alimrekodi, dakika arobaini. Sasa zamu ni ya Margwe, mtoto mkubwa. Ukoo unakutana Jumamosi hii, na alikuwa akijifunza kidogo kidogo kutoka kwenye simu.

Jumatatu alinijia kwenye duka langu la simu na fotokopi, simu imejaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Samira. Nipunguzie mizigo humu. Ila sauti ya baba usiiguse, nimeshaiweka pembeni."

Akanionyesha kwenye skrini kiboksi alichokiandika BABA. Nikasema sawa. Nilikuwa na foleni ya watu wa fotokopi, basi nikaingia kwenye mipangilio nikafuta programu tano nzito, ile ya kurekodi ikiwemo. Kile kiboksi sikukifungua. Mjinga mimi! Sekunde mbili tu zingetosha.

Nilipomaliza kufuta nikaona kiboksi chenyewe kimebaki kitupu, ndipo nikaelewa: ndani yake hakukuwahi kuwa na sauti. Kulikuwa na alama ya programu ya kurekodi tu, ile ya kubonyeza. Sauti yenyewe ilikuwa kwingine kabisa, maana mfumo wa simu huipa kila programu folda yake kama chumba, na humo programu hutunza vitu vyake. Ukiifuta programu, mfumo unabomoa chumba pamoja na vilivyomo. Ningeihamishia kwanza kwenye folda ya muziki, ingebaki.

Nilichomeka simu kwenye kompyuta, nikapekua folda moja baada ya nyingine mpaka adhuhuri. Nikajaribu na programu za kurudisha vilivyofutwa. Zilinirudishia picha za ndama.

Nikamwambia. Nilitamani anitukane.

"Si niliiweka pembeni?" akauliza.

"Uliweka mlango, mzee. Na mimi sikuangalia."

Akaniomba niirudishe ile programu, akiamini itarudi na vitu vyake. Nikaipakua upya. Ikafunguka, imeandika: hakuna rekodi. Akabonyeza mwenyewe kitufe chekundu cha kurekodi, ili angalau kile alichokishika kichwani kisipotee nacho.

Akaanza kusema Kiiraqw, taratibu, amefumba macho. Konsolata, mama mmoja Mwiraqw kutoka Masieda aliyekuwa akisubiri kopi ya cheti, akawa anamwitikia kila mstari kama desturi yao ilivyo. Mistari sita, saba. Mstari uliofuata haukumjia Margwe. Akarudia kutoka mwanzo, akakwama palepale. Konsolata, anayejua kuitikia tu, akabaki anasubiri, na sekunde za rekodi zinaendelea kuhesabu.

Margwe akafumbua macho akanigeukia mimi, nimkumbushe. Na mimi Kiiraqw sikijui.