Rupia za Babu na Watoto wa Karankashu

Rupia ya fedha ikidondoka juu ya sakafu ya marumaru hulia kwa sauti inayovuta, kisha huzimika taratibu. Ukishaizoea, zile sarafu nyingine zinazosema “ta” na kunyamaza huzitaki tena. Mimi niliizoea nikiwa na miaka tisa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika nyumba yetu ya kupanga Khuwair ya Kusini, mjini Maskati, ambako alasiri zote tulibaki mimi na Babu tu. Baba alikuwa kazini Salala, akija mara moja kwa mwezi. Mama alikuwa nesi, na zamu zake nilizichukia kama mtu anavyochukia jirani mbaya. Basi Babu aliniambia nifumbe macho, akadondosha sarafu moja moja, nami nikataja: fedha, si fedha, fedha. Nikikosea alinuna kwelikweli, maana hakuwa mzee wa kubembeleza watoto. Nikipatia mara kumi mfululizo nilipewa kipande cha haluwa, na yeye akajikatia kikubwa zaidi.

Sarafu hizo alizianza Unguja, alipokuwa kijana mwenye duka la nafaka. Siku hizo fedha ilikuwa bado inapita mikononi mwa watu: rupia za zamani zilizosalia, na shilingi za mfalme wa Uingereza zenye picha ya simba. Zilipotoka shilingi mpya zisizo na fedha ndani yake, yeye akawa anaziopoa zile za zamani kwenye droo, akitia pesa yake mwenyewe badala yake. Hakutumwa na mtu, alizipenda tu. Tulipohamia Maskati, nikiwa na miaka saba, alizishonea ndani ya mto wa usufi akaupakata safari nzima, na hapa akazihamishia kwenye kopo la maziwa ya unga. “Ipo siku watu watayachoka makaratasi haya,” alikuwa akisema, “wazitafute hizi kwa tochi. Mamako hatozingoja, atazipeleka kwa sonara zikafanywe bangili. Nnakuachia wewe, Zuwena.” Nilimwitikia kwa kichwa, nikajiona mtu mzima mwenye siri.

Lakini nje ya geti hakuna aliyenijua jina. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani; niliweza kuisoma, ila sikujua kuwaambia wasichana wenzangu kwamba na mimi nataka kuruka kamba. Nikijaribu, walicheka. Hawakuwa wabaya, walicheka kwa sababu nilichekesha. Nikaacha kujaribu. Kila siku baada ya shule nilisimama nyuma ya geti la chuma, nikawatazama kwenye uwazi wa bawaba, hasa Shaikha wa nyumba ya pili, ambaye wote walimfuata. Upweke ule ulikuwa unauma, nasema wazi, na Babu sikumwambia.

Ikaja Ramadhani, na katikati yake usiku wa karankashu, ambapo baada ya magharibi watoto hupita nyumba hadi nyumba na mifuko yao, wakigonganisha mawe na makombe ya pwani, wapewe peremende na vijisarafu vya baisa. Mambo hayo kwetu Unguja hatukuyajua. Babu alikuwa amesikia tu msikitini, akadhani watakuja watoto wanne watano wa jirani, akanunua pakiti moja ya peremende, akenda zake kufuturu msikitini akae huko mpaka tarawehe iishe. Mama alikuwa zamu. Wakaja watoto thelathini. Pakiti iliisha kabla hata ya nusu yao, na waliobaki wakaanza kugeukia geti la jirani. “Khalas?” aliuliza Shaikha, kama ndiyo zimekwisha, mkono wake bado umenyooka. Nikamwambia kwa Kiswahili, “Ngojeni,” nikakimbilia ndani, nikarudi na lile kopo.

Nilimpa kila mmoja sarafu mbili, wengine tatu, mpaka kopo likabaki tupu. Walishangilia uzito wake, wakazigonganisha badala ya mawe. Shaikha aliniuliza jina langu, akanishika mkono, tukaenda pamoja nyumba baada ya nyumba, nami nikiwa katikati ya kundi nikipiga kelele maneno ambayo sikuyaelewa. Sikukumbuka kabisa kwamba kopo lilikuwa la mtu.

Kesho yake wakazipeleka dukani. Muuza duka alizitazama mbele na nyuma, akazikataa. Alasiri hiyo watoto walikuja kwenye geti letu, Shaikha mbele, wakasema kwa Kiarabu kwamba nimewapa pesa za uongo, na zile chache walizokuja nazo wakazirusha kupitia juu ya ukuta. Zikaanguka uani, juu ya marumaru, moja baada ya moja. Babu alikuwa amelala chumbani na saumu yake. Hakuhitaji kuziona. Alitoka na fulana tu, akiwa ameshajua ni nini kinacholia.

Hakunipiga wala hakupandisha sauti, na hilo lilinitia hofu zaidi. Alivaa kanzu, akatoka kugonga milango kuulizia zilizobaki, kwa Kiarabu chake cha Unguja ambacho watu wazima nao walikitabasamia. Alikuwa akisema kwamba ni yeye aliyeniachia kopo lisilo lenyewe, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliyasikia maneno hayo kila mlangoni. Nyingi zilikuwa zimekwisha kutupwa. Alirejea na chache mno kiganjani, akakaa kwenye ngazi kusubiri adhana. Nikamwomba radhi huku nalia. Akaniuliza, “Walicheza nawe?” Nikamjibu, “Mpaka adhana ya ishaa.” “Basi hazikwenda bure,” akasema, akaingia ndani kutawadha. Tangu siku ile hakunidondoshea tena sarafu, na mwaka uliofuata alifariki.

Zilizosalia ninazo. Juzi nilimwonyesha mkusanyaji sarafu mmoja mkahawani Qurum. Alisema kwa upole kwamba zimesuguka mno, wapenzi wa sarafu siku hizi wanataka zisizopita mikononi mwa watu, hivyo thamani yake ni uzito wa fedha tu. Mwanangu, tuliyekwenda naye, nilipotaka kumpa aliniambia, “Weka wewe, Mama,” akalipia kahawa yetu kwa simu. Babu alikosea utabiri: makaratasi watu wameyachoka kweli, ila fedha hakuna aliyeirudia. Sijui nikifa zitakwenda wapi, huenda kwa sonara. Nina nyumba yangu Mawaleh, na simu iliyojaa majina, na kuna siku zinazokwisha bila mtu kuniita kwa jina langu. Mtu mmoja tu aliona kwamba saa moja ya mimi kuwa na wenzangu inafaa kulipiwa mali aliyoikusanya umri wake wote, nami sikumwambia hata ahsante.