Mistari Miwili Myeusi

Juzi mchana nilikuwa kwa jirani yangu, mjane, alipokuja fundi. Watoto wa mama huyo walimtuma aondoe mistari miwili myeusi kandokando ya picha kwenye televisheni yake mpya. Mama alikuwa ameketi akitazama video ya harusi yake.

"Mama, tele iko bien, haina shida. Ni video iko ya zamani, picha yake iko ndogo," alisema fundi, akabonyeza telekomande. Picha ikatanuka, mistari ikatoweka; bwana harusi akanenepa, akajaza skrini.

Mama akasimama ghafla. "Rudisha, papa! Nikikalaka hapa, najionaka mu ile mistari nyeusi, pembeni ya bwana yangu."

Fundi akarudisha. Kwenye mstari wa kushoto tulijiona kama kwenye kioo, sote watatu tumesimama. Kwenye ule wa kulia kulikuwa na mtu ameketi.

Tangu siku hiyo, kwenye televisheni yangu picha inajaza skrini nzima. Wasoma habari wakinenepa, wanenepe tu.