Jeshi la Wafugaji Lisilo na Roketi

Loisi Mazengo alikuwa mchora ramani katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, mwanamke wa miaka thelathini na minne, asiye na makuu, ambaye wenzake walimjua kwa mistari yake iliyonyooka na kwa kutopenda kuazimwa kalamu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Vitu vilivyokuwa adimu sasa vilitandazwa chini kando ya barabara, na maofisini neno la kupunguzwa kazi lilisikika kila asubuhi. Jumamosi mchana Loisi hakuwa na habari na hayo. Jumamosi alikuwa jemadari.

Ujemadari huo ulikuwa wa mchezo wa mezani, na aliyewaletea yeye na wenzake watano alikuwa mhandisi wa maji kutoka Ulaya, aliyefanya kazi nao miaka miwili na kuwaachia kitabu cha kanuni, dadu kumi na mbili na futi ya kupimia. Ulikuwa mchezo wa vita vya miaka elfu ijayo, kwenye sayari za mbali, lakini vita vyenyewe vilipiganwa mezani, kwa askari wenye kimo cha kidole gumba. Kila mchezaji alijijengea jeshi lake. Kila askari alikuwa na alama zake, na kila silaha aliyopewa iliongeza alama. Jeshi zima lisizidi alama elfu moja. Ukimpa huyu mzinga, yule anabaki na kisu. Utamu wote ulikuwa hapo, katika kuchagua, na Loisi aliupenda kuliko hata vita. Alikuwa ametafsiri kitabu kizima kwa Kiswahili kwenye daftari, usiku na usiku, mpaka wenzake wote watano wakawa wanalitumia hilo na kukisahau kitabu.

Walichezea sebuleni kwa Kefa, mtaa wa Ipagala, na Iddy, mwalimu, alisafiri kutoka Kondoa kuja kucheza nao. Kefa alikuwa mchora ramani pia, mtu wa Tukuyu, na kwa miaka tisa meza yake ya kazi ilikuwa imegusana na ya Loisi. Loisi alipofiwa na baba, Kefa ndiye aliyemsindikiza Mpwapwa na kushika jembe makaburini. Hana, binti wa Kefa, alimwita Loisi shangazi. Ila mezani Kefa hakuwahi kumshinda, na watu walimtania kwa hilo, naye alicheka nao.

Mwaka huo mhandisi aliandika barua kwamba atapita Dodoma mwezi wa nane. Atakuja na boksi la askari wapya wa chuma, na jeshi litakaloshinda atalipiga picha, aitoe katika jarida dogo la chama chao huko kwao. Barua ilisomwa mara mbili, watu wakimeza mate.

Loisi alishajua atajenga nini. Wafugaji wa sayari kavu, wanaoswaga mafahali wakubwa wenye pembe tatu kutoka kisima hadi kisima. Alifinyanga kila mmoja kwa udongo wa kichuguu, akawaoka jikoni kwenye mkaa, akawapaka wino wa ofisini uliobaki. Wengine walikuwa na mwendo wa baba yake, bega moja chini. Alijiwekea sharti: silaha yoyote ambayo mtu hawezi kutembea nayo siku nzima nyuma ya ng'ombe, haiingii. Mikuki ya umeme ikaingia. Bunduki nyepesi za miali zikaingia, moja kwa kila watu watano. Mizinga ikatupwa nje.

Kilichomsumbua ni roketi za begani. Roketi nne ziligharimu alama themanini, sawa na mafahali wawili, na kati ya silaha zote alizobaki nazo, ni hizo tu zilizoweza kupiga kitu kinachoruka. Siku tatu alizifuta na kuziandika tena. Mwishowe, ofisini, wakati wa chai, alimsogezea Kefa karatasi.

"Niangalizie hapa. Nizichukue au nisizichukue?"

Kefa aliisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Dada Loisi, unataka nikwambie ukweli?"

"Ndiyo maana nimekuuliza."

"Roketi zinaliharibu jeshi lako. Mfugaji roketi anaitoa wapi? Mhandisi akiliona hivi lilivyo, atalipenda. Ukiliwekea roketi, limekuwa jeshi kama la mtu mwingine yeyote."

"Na akija mtu na vyombo vya kuruka?"

"Nani? Hapa nani anacheza navyo? Iddy ni vifaru tu, unamjua. Mimi nimebaki na askari wangu wale wale wa miguu. Chukua mafahali wako."

Maneno yake yalimgusa, kwa kuwa ndivyo moyo wake ulivyotaka. Alichora mstari juu ya zile roketi, akaongeza mafahali wawili. Siku hiyo hiyo alimpa Kefa mfuko wa mirija mitupu ya dawa ya meno, ile ya bati laini. Kefa alikuwa amemwomba mwezi mzima amkusanyie. Alisema Hana anaitaka kwa kazi za mikono shuleni. Loisi alikuwa amezunguka hadi kwa majirani kuiomba.

Siku ya mashindano Loisi alimshinda Iddy, yule mwalimu wa Kondoa mwenye vifaru, kwa kumzingira na mafahali pande mbili. Mhandisi alipiga makofi. Wale wengine watatu hawakuwa na majeshi tayari, na kura ilikuwa imempitisha Kefa bila kucheza, hivyo fainali ikawa yeye na Kefa.

Kefa aliweka boksi lake mezani, akafungua. Vilitoka vyombo kumi na vinne vya kuruka, kila kimoja juu ya sindano ya waya, vya bati lililokunjwa kwa ustadi, hakuna hata askari mmoja wa miguu. Watu walisogea karibu na meza. Loisi aliinama kuvitazama. Ubavuni mwa kimoja, rangi haikushika vizuri, na chini yake zilionekana herufi za dawa ya meno.

Alinyanyua macho. Kefa alikuwa anapanga dadu.

"Tuanze?" Kefa akauliza.

Walicheza kwa dakika arobaini. Kwa kweli haukuwa mchezo. Vyombo vya Kefa vilikaa juu, mahali ambapo mikuki haifiki na miali haifiki, vikaondoa wafugaji mmoja mmoja. Loisi alirusha dadu zake zote kila zamu, kama kanuni zilivyotaka, na kila zamu alitoa wafu wake mezani kwa mkono wake mwenyewe. Mhandisi alipiga picha. Iddy alitoka nje kabla mchezo haujaisha.

Kefa alimfuata Loisi mpaka kibarazani alipokuwa anavaa viatu.

"Usichukie, dada yangu. Ni mchezo tu."

"Ungekuwa mchezo tu ungenijibu ukweli, kisha ukashindwa."

"Miaka mitatu wananicheka."

"Nami nilikuwa nakutengea mirija," Loisi alisema. "Nikigonga mlango wa watu, nikiwaambia ni ya mtoto."

Aneth, mke wa Kefa, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na uso wake ulimwonyesha Loisi kwamba naye alijua tangu mwanzo. Hilo lilimchoma zaidi ya vile vyombo kumi na vinne.

Jumatatu Loisi aliomba kuhamishiwa meza ya dirishani. Alisema macho yanamsumbua, anahitaji mwanga. Kefa alimsalimu kila asubuhi naye aliitikia, maana walikuwa watu wazima na ofisi ni moja, lakini alianza kuchora mkono wa kushoto ukiwa umezunguka karatasi, na mtu akimuuliza anafanya nini alisema, hamna kitu. Daftari la tafsiri, lililokuwa limebaki kwa Kefa, alilidai. Kefa alilileta limefungwa kwenye gazeti. Jarida lilipofika kutoka Ulaya na picha ya vyombo vya Kefa, mtu alilibandika ukutani ofisini, karibu na mlango. Loisi akawa anapitia mlango wa nyuma.

Mwaka uliofuata Iddy alimwandikia kwamba Kondoa kuna walimu wawili wanaotaka kujifunza, na kumuuliza kama angekubali kwenda. Alikaa na barua ile wiki mbili. Halafu Jumamosi moja alipanda basi la asubuhi, daftari likiwa ndani ya kanga, na kwa wiki nyingi akawa anakwenda. Walimu wale walikuwa wepesi, wachangamfu, wakimwonyesha orodha zao za silaha na kumuuliza hiki au kile. Aliwajibu wote, kwa makini, bila kumficha yeyote kitu. Orodha yake mwenyewe hakumwonyesha mtu.