Mfasiri wa Karani wa Josho

Mume wangu alijifunza Kiesperanto kwenye josho la ng'ombe. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya lugha ya kimataifa hudhani palikuwa na chuo, na vyeti, na mzungu wa miwani. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na kijitabu alichoachiwa Mtito Andei na msafiri mmoja ambaye gari lake lilisubiri kipuri siku tatu, na palikuwa na ng'ombe wa Kasikeu waliopita mbele yake kila Jumanne na Ijumaa bila kumkatiza maneno. Kijitabu kilisema lugha hiyo iliundwa na mtu mmoja, kwa makusudi kabisa, ili mataifa yasikilizane na vita viishe. Mume wangu, karani wa josho, aliona hilo ni jambo la maana. Mimi niliona ni uvivu wa namna mpya.

"Mama watoto," aliniambia, "hii haina mambo mengi. Ukishika vipande kidogo, unajiungia mwenyewe hata kitu hujawahi kusikia."

"Mimi niko na Kikamba," nikamwambia. "Niko na Kiswahili. Niko na Kiingereza ya kununua stempu. Kichwa imejaa."

Nikaapa sitajifunza hata neno, na mimi nikiapa huwa nimeapa. Lakini mdomo wa mume haufungwi kwa kiapo cha mke. Miaka mitatu aliomba chai kwa Kiesperanto. Aliulizia kuku kwa Kiesperanto. Akimaliza kikombe alisema *Donu al mi alian tason*, nami nikammiminia kingine ili anyamaze. Nikimdai sukari niliyomtuma sokoni alijibu *Mi ne havas*, yaani hana, amesahau tena. Barua zake kwa wenzake wa Bulgaria na Japani zilianza zote kwa *Kara amiko*, rafiki mpendwa, na kila moja aliisoma kwa sauti kabla ya kuifunga. Mimi nilikuwa nikichambua mbaazi zangu, simjibu.

Taabu ilianza Jumapili moja alipoombwa kufunga ibada. Alikuwa mzee wa kanisa, na kazi hiyo aliipenda kuliko mshahara. Aliomba vizuri kwa Kikamba, kisha, sijui ni nini kilimwingia, akamalizia na Sala ya Bwana kwa Kiesperanto. Sasa, kanisa letu lilikuwa la watu watulivu. Mambo ya kunena kwa lugha tulikuwa tumewaachia wale wa hema kule Salama, na wazee wetu waliwaogopa watu wa hema kuliko ukame. Leo mzee wao wenyewe amesimama mbele, amefumba macho, ananena. Nyanya mmoja wa benchi la kwanza, aliyekuwa amesinzia, alizinduka kwa mshtuko akaanguka chini. Hapo kila mtu akaona Roho ameshuka, na si kwa idhini ya kamati.

Jumatano wazee wakakaa. Mume wangu akawaeleza kwamba ile ni lugha ya kawaida, ya kuandikia barua. Mwenyekiti, mtu wa haki ila mgumu wa kichwa, akasema kama ni lugha basi ina mfasiri. Kanisani kwetu hata Kiswahili kilikuwa na mfasiri: mhubiri mgeni alisema sentensi moja, mtu wa kando akaitia Kikamba, ndipo tukaitika amina, ingawa sote tulikuwa tumeshaielewa. Tena Paulo aliwakataza Wakorintho kunena kanisani pasipo mfasiri. Asipopatikana, mume wangu angevuliwa uzee, angekalishwa benchi la nyuma pamoja na waliotengwa na Meza ya Bwana, na kijitabu chake kingechomwa.

Wakamuuliza mfasiri wake ni nani. Ukambani kote hapakuwa na mtu wa pili aliyejua lugha ile, na yeye alilijua hilo vizuri. Akajibu, "Ni mke wangu."

Niliitwa kutoka shambani, udongo umenifika magotini. Waliponieleza, nilitamani kumzaba kofi pale pale. Kisha nikamtazama. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, macho yake kama ya ng'ombe anayesukumwa kwenye josho mara ya kwanza, na hasira ikanitoka. Badala yake nikashikwa na hofu. Mtu huyu alikuwa ameniwekea jina lake mikononi, na mimi sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja.

"Mwaitu," mwenyekiti akaniambia, maana hata wanaume wazee kwetu humwita mwanamke mama, "ameandika maneno matatu na Kikamba, yako hapa kwa kikapu ya sadaka. Yeye atasema na hiyo lugha yake, wewe utuambie amesema nini. Halafu tutafungua."

Mume wangu akasema neno la kwanza.

"Anauliza kama chai iko tayari," nikasema.

Karatasi ikafunguliwa. Ilikuwa chai.

"Hiyo hata mimi ningejua," akasema mzee mmoja. "Mwanaume ataulizia bibi yake nini ingine?"

La pili aliulizia kuku, nikasema kuku, na karatasi ikasema kuku. Mwenyekiti akakiri kwamba hakuna roho, mwema wala mchafu, angejisumbua na kuku wa mtu. Lakini akataka la tatu.

Mume wangu akakohoa. "*Mi ne havas alian amikon*."

Hilo sikuwahi kulisikia. Nikalishika kipande kipande, kama alivyoniambia. *Mi ne havas* ilikuwa ya sukari. *Alian* ilikuwa ya kikombe kingine. *Amiko* alikuwa wa barua. Nikaviunga, na nilipokwisha kuviunga nikatamani ningekuwa nimekosea, kwa sababu kwetu mwanamume hamwambii mke wake neno kama hilo hata wakiwa wawili chumbani, sembuse mbele ya wazee saba.

"Anasema," nikasema, "hana rafiki mwingine."

Mwenyekiti alikunjua karatasi, akaisoma, akavua miwani akaifuta. "Ni hivyo," akasema. Yule mzee wa chai alikuwa akitazama dirishani. Ikaamuliwa kwamba ile ni lugha kama lugha nyingine, isitumike tena kwa maombi, na kijitabu kisiguswe.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma, kama kawaida yetu. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na haya, na nilimpenda kuliko siku ya arusi. Tulipovuka kijito nikakiacha kiapo changu pale mchangani.

"*Mi ne havas alian amikon*," nikauambia mgongo wake.

Akasimama. Alipogeuka midomo yake ilikuwa ikitetemeka, nikajua sasa atalia.

"Matamshi," akasema. "Yako na kasoro kidogo. Sema tena."

Nikasema tena. Mpaka tunafika mlangoni nilikuwa nimesema mara nne, na kasoro ilikuwa bado haijaisha.